CT skani ya mzee: mmoja kasema uvimbe, mwingine kasema ni kalsiamu tu kwenye pafu, nimwamini nani?

MzaliwaWaSame:

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu maana hapa nilipo kichwa kimejaa.

Mzee wangu ana miaka 64, yupo Same. Mwezi uliopita alikuwa afanyiwe operesheni ya ngiri, sasa kabla hajalazwa wakampiga eksirei ya kifua kama utaratibu tu, ikatoka na kadoa keupe juu kwenye pafu la kulia, kadogo ila kanang'aa kweli. Daktari akasema hapana, hatumgusi mpaka tujue hiki ni nini, akamwandikia CT. Tukampeleka hospitali moja mjini (jina naliacha) tukatoa laki tatu kasoro, wakampiga ile ya kuchomwa dawa mshipani. Ripoti ikaja kwa Kiingereza, kinundu cha milimita 8 "kinang'aa baada ya dawa", na mwishoni kuna sentensi ambayo mdogo wetu wa kidato cha nne akatusomea kwa sauti sebuleni: "saratani haiwezi kuondolewa". Asee. Mama akakaa chini. Dada yangu wa Mwanza akaanza kulia kwenye simu, majirani wakaanza kuja kutoa pole, mzee mwenyewe akaita watu kuongelea shamba. Siku tatu baadaye ndo mtu anayejua akatuambia ile sentensi haina maana kwamba haitolewi, maana yake ni kwamba hawajaweza kusema kwa uhakika kuwa siyo saratani. Yaani kwa neno moja tu tulishaanza matanga.

Basi nikachukua ile sidii ya picha nikaipeleka Moshi kwa daktari mwingine, kaangalia kama dakika tano hivi akasema hii kwa macho yangu ni kalsiamu, kovu la TB ya zamani, na kweli mzee aliumwa TB mwaka 1996 akameza dawa miezi 8 akapona kabisa. Lakini kwenye zahanati ya kule nyumbani wanasema kama ni TB ya zamani imejitokeza basi aanze dozi upya.

Sasa naomba kueleweshwa, hivi CT inaweza kweli kutambua kwamba hii ni kalsiamu na hii ni nyama au wanabahatisha kwa weupe wa picha? Na hiyo kalsiamu imefikaje kwenye mapafu wakati mzee hata maziwa hanywi? Na dawa aanze asianze?

Kibwagizo:

Mkuu hiyo ni rahisi, kalsiamu ni chokaa. Aache dagaa na maziwa, kila asubuhi ndimu mbili na kitunguu swaumu kabla hajala. Birika la chai likishika ukoko mweupe wa maji ya chumvi unaweka ndimu linatakata, na pafu ni hivyo hivyo.

MtuWaEksirei:

@Kibwagizo ndimu inaenda tumboni mkuu, pafu siyo birika.

Mleta mada pole sana. Mimi nimekaa chumba cha CT mwaka wa 9 huu, siandiki ripoti, kazi yangu ni kumlaza mgonjwa na kupiga picha, ila swali lako la kwanza naweza kukujibu bila kumuudhi daktari yeyote. CT haibahatishi.

Eksirei ya kawaida ni kivuli. Mbavu, moyo, mishipa, ngozi, vyote vimelaliana kwenye filamu moja, ndo maana hata chuchu inaweza kuonekana kama kinundu (imeshatokea sana tu, mtu analia kumbe chuchu). CT inakikata kifua vipande vipande kama mkate wa slaisi, na kila kinukta ndani ya kipande kinapewa namba kulingana na kilivyozuia mionzi. Hizo namba zinaitwa yuniti za Hounsfield, jina la injinia wa Uingereza Godfrey Hounsfield ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, na mwaka 1979 akapewa Nobel pamoja na Allan Cormack, huyu wa pili mzaliwa wa Johannesburg kabisa, hesabu zake alianza kuzipiga akiwa Cape Town. Haya, maji ni 0, hewa ni kasoro 1000, mafuta kama kasoro 100, nyama na damu 30 mpaka 60 hivi, mfupa mgumu unaweza kupita 1000. Kalsiamu ina atomu nzito kuliko kaboni na oksijeni zinazojenga nyama, kwa hiyo inameza mionzi mingi na namba yake inapaa. Unaweka kialama katikati ya kinundu unasoma. Kama picha imepigwa kavu, bila dawa, na kinasoma zaidi ya 200, watu wengi hapo wanasema kalsiamu bila kupepesa macho. Kikisoma 40 ni nyama. Katikati ya hapo ndo kwenye ubishi.

Sasa tatizo la mzee wako naliona liko wapi. Walimchoma dawa. Ile dawa ni ayodini na ayodini ni nzito hata kuishinda kalsiamu, inakimbia na damu na chochote chenye damu kinang'aa. Kama hawakumpiga kwanza picha kavu, huyo anayeandika ripoti anaona kitu cheupe halafu hajui weupe ni wa dawa au kilikuwa cheupe tangu asubuhi. Hapo akiandika "haiwezi kuondolewa" simlaumu sana, anajilinda. Kwa kinundu kidogo cha pafu kinachotafutwa kalsiamu dawa haihitajiki kabisa, inahitajika ukitafuta mambo ya mishipa au tezi za katikati ya kifua, na kuna sehemu wanachoma kila anayeingia kwa mazoea tu.

Kitu cha pili angalia unene wa vipande, imeandikwa pembeni ya picha. Kama ni milimita 5 au zaidi kwa kinundu cha milimita 8 hapo kuna shida, maana kipande kinene kinachanganya kinundu na hewa ya jirani yake halafu namba inashuka. Kama chumvi kidogo kwenye sufuria kubwa la mchuzi, imo ila huionji. Inatakiwa vipande vya milimita 1.

Halafu dirisha. Picha hiyo hiyo moja unaweza kuitazama kwenye dirisha la mapafu au dirisha la nyama laini, ni kama kugeuza mwanga wa tivii. Kwenye dirisha la mapafu kila kitu kigumu ni cheupe, nyama nyeupe, kalsiamu nyeupe, huwezi kutofautisha hata ukitoa macho. Ukigeuza dirisha la nyama laini ndo kalsiamu inabaki imewaka kama mbavu na nyama inageuka kijivu. Watu wanapiga picha skrini ya kompyuta wanatuma WhatsApp kwa daktari Muhimbili wanataka jibu, utajibu nini hapo? Mpe sidii.

Ndani ya sidii yako kuna seti ya picha kavu? Vipande ni unene gani?

MzaliwaWaSame:

Dah shukrani sana mkuu, hii shule nimeielewa kuliko waliotuona ana kwa ana. Nimefungua sidii kwa laptopu ya ofisini, nilichoona kuna seti moja tu na pembeni imeandikwa 5.0. Picha kavu sioni.

DaktariWaZamu:

Nilikuwa napita tu ila ngoja nikae.

Kaka, aliyoeleza MtuWaEksirei ni sahihi. Naongezea upande wangu. Ukishajua kwamba ni kalsiamu swali linalofuata ni imekaaje ndani ya kinundu, maana namba peke yake haitoshi. Ikiwa imejaa kinundu chote, kama kokoto, hiyo ni kovu. Ikiwa imekaa katikati kabisa kama mbegu ndani ya tunda, kovu. Ikiwa imejipanga duara juu ya duara kama kitunguu kilichokatwa, kovu pia, na hapa kwetu kovu maana yake mara nyingi ni TB. Kuna nyingine iko kama bisi, vijibonge vimefumuka, hiyo tunawaza uvimbe mpole unaitwa hamatoma, na tukikuta na mafuta ndani yake tunakuwa na uhakika zaidi. Lakini kalsiamu ikiwa imeegemea upande mmoja tu wa kinundu, au imetawanyika kama punje za mchanga, hapo situlii, maana kuna saratani inaota karibu na kovu la zamani ikalimeza, unaikuta kalsiamu imesukumwa pembeni.

Kalsiamu imefikaje huko. Vijidudu vya TB vikiingia pafuni mwili unavizungushia ukuta, katikati ya ukuta nyama inakufa inakuwa kama jibini. Mwili hauwezi kuitoa ile nyama mfu kirahisi, basi miaka inavyoenda chumvi za kalsiamu zinajijenga humo mpaka panakuwa jiwe. Damu ya mtu ukiipima unakuta kalsiamu yake iko kawaida tu. Haihusiani na maziwa wala dagaa, na mama wajawazito wanaokula udongo msiogope kwa hili (kwa mengine ogopeni). Mara nyingi utakuta kokoto moja pafuni na tezi za shina la pafu upande huo huo nazo zina kalsiamu, ukiziona zote mbili pamoja ni kama sahihi ya TB ya zamani. Waombe wakuangalizie hizo tezi.

Tena kuna dalili moja umeisema mwenyewe bila kujua. Kadoa ka milimita 8 kameonekana wazi kwenye eksirei ya kawaida na "kanang'aa kweli". Kinundu cha nyama cha ukubwa huo mara nyingi eksirei hata haikioni, kinapotea katikati ya mishipa. Kikionekana cheupe namna hiyo kuna uwezekano mkubwa kina kalsiamu.

Kuhusu dozi: asianze dawa za TB kwa sababu ya doa. Kalsiamu siyo ugonjwa, ni kaburi la ugonjwa, na hakuna dawa inayoiyeyusha wala haihitaji kuyeyushwa. Mtu wa miaka 64 ukimpa isoniazidi, rifampisini na pirazinamaidi bila sababu unaweza kumharibu ini bure. Muulizeni mzee, ana kikohozi zaidi ya wiki 2? Homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, anapungua? Na kwenye CT hiyo hiyo waangalie kama kuna tundu, au vile vidoa vidogo vilivyoshikana kama matawi ya mti yanayochipua, hizo ndo dalili za TB iliyo hai. Wakiwa na wasiwasi apime makohozi kwa GeneXpert, ile mashine inayotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB. Ila wakumbuke huyu aliwahi kuugua, ile Ultra, toleo jipya la kipimo hicho lenye kunusa zaidi, inaweza kunasa mabaki ya vijidudu vilivyokufa ikaleta jibu la "chembe kidogo sana", na jibu la namna hiyo kwa mtu aliyewahi kutibiwa halitoshi peke yake, makohozi yaoteshwe maabara.

Mjuaji Mkuu:

Kwa kifupi kalsiamu = siyo kansa. Funga uzi. Mnamtisha mwenzenu bure na mambo ya mbegu na vitunguu.

DaktariWaZamu:

@Mjuaji Mkuu sifungi. Iliyojaa chote au ya katikati kwa mtu asiye na saratani yoyote sehemu nyingine, sawa nakubaliana na wewe. Lakini saratani ya mfupa ile ya vijana ikirukia kwenye mapafu vinundu vyake vinatengeneza mfupa, vinakuwa vyeupe vizuri tu na vinaua. Baadhi ya saratani za utumbo mpana zenye ute nazo zikisambaa zinaweka kalsiamu. Niliwahi kumuona kijana alikatwa mguu juu ya goti kwa uvimbe, mwaka uliofuata eksirei ina vidoa vyeupe vitatu, mtu mmoja akamwambia ni makovu ya TB nenda nyumbani. Ndo maana daktari kwanza anamuuliza mgonjwa historia yake halafu ndo anawasha kompyuta. Mzee wa huyu kaka hana historia hiyo, nadhani, angesema.

MamaPili:

Poleni na kazi. Naomba nichangie kidogo japo siyo sawa na la mleta mada.

Mama yangu alikuwa anasafishwa damu, figo zote mbili, mwaka wa sita. Akaanza kuhema akipanda ngazi. Eksirei ikaonyesha mawingu juu kwenye mapafu yote mawili, wakasema nimonia, akapewa antibaiotiki, wiki mbili hakuna mabadiliko, wakabadilisha nyingine hakuna, wakaanza kusema TB. Daktari mmoja kijana ndo akasema hebu apigwe CT bila dawa yoyote (na dawa yenyewe kwa figo zile wasingempa) ikakuta yale mawingu ni kalsiamu, vijidoa laini laini kama pamba vimejaa sehemu za juu. Nikauliza kwa nini juu na siyo chini, akaniambia sehemu ya juu ya pafu inapata hewa nyingi kuliko damu kwa hiyo tindikali huko ni kidogo na kalsiamu inapenda kutulia mahali kama hapo. Sijui kama nimeelewa vizuri ila ndivyo alivyosema.

Kwake hapakuwa na TB wala kovu, tatizo lilikuwa damu yenyewe, fosfeti imepanda na zile tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu zimechachamaa. Wakambadilishia dawa na muda wa kusafishwa, wakamzuia soda nyeusi na mifupa ya supu, kuhema kukapungua. Kwa hiyo wenye wagonjwa wa figo mkiambiwa nimonia isiyopona ulizeni na hili.

DaktariWaZamu:

@MamaPili umeelewa vizuri kabisa, kuliko baadhi ya wanafunzi wangu. Na mambo yenu ni tofauti kweli, kwa mzee kalsiamu imeenda kwenye nyama iliyokufa na damu iko sawa, kwa mama ilienda kwenye nyama nzima kwa sababu damu imezidiwa.

Mwanaapolo Mstaafu:

Sisi wa Mirerani tusemeje. Nimezama shimoni kutafuta tanzanaiti tangu 1999 mpaka 2014, tunachoronga kavu, vumbi mpaka taa ya kichwani huioni, kinga yako ni fulana umejifunga mdomoni. Sasa hivi nikitembea mita mia nasimama kama nasubiri mtu. CT yangu ilisema tezi za katikati ya kifua zina kalsiamu pembeni tu, kama ganda la yai, na mapafu yana vinundu vidogo vingi juu. Daktari alivyoona ganda la yai swali lake la kwanza akaniuliza "umefanya kazi mgodini?" Sikuwa nimemwambia kitu, mimi nilijiandikisha mkulima.

Ile ni vumbi la mawe, silikosisi. Haina dawa. Na walinieleza mwenye vumbi pafuni TB inampata kirahisi kuliko mwingine kwa hiyo kila nikikohoa wiki mbili naenda kupima makohozi, hospitali ya TB ya Kibong'oto pale wananijua kwa jina. Mleta mada mzee wako aliwahi kufanya kazi ya mawe, kokoto, kiwanda cha saruji? Mwulize maana wazee hawasemi.

MzaliwaWaSame:

Pole sana mzee wangu. Yeye ni mkulima wa tangawizi milimani maisha yake yote, vumbi lake ni la barabara ya Same tu. Na hapana dokta, hajawahi kuwa na saratani yoyote, kikohozi hana, uzito uko pale pale, anakula kuliko mimi.

Mswahili wa Maskati:

Asalam alaikum. Nyinyi mna bahati hapo daktari anakwambia ni kovu na yanaisha. Mimi nilipotaka kuja huku Oman kibali cha kazi kilikwama kwa kitu hicho hicho. Vipimo vya kuingia nchi za Ghuba wanaangalia eksirei ya kifua na alama yoyote ya TB hata iwe ya zamani, hata kakokoto kamoja, wanaweza kukuandika hufai. Nikapiga CT kwa pesa yangu, ripoti nzuri, kalsiamu tupu, hakuna ugonjwa hai, kituo hawakuitaka hata kuishika, wao wanataka filamu safi tu. Nimekuja huku mwishowe kwa njia ya ndoa, hiyo hadithi nyingine. Vijana wanaotaka kuja kazi piga eksirei yako mapema kabla hujampa wakala pesa.

Nesi Mstaafu:

Wanangu nimesoma yote hapa na miwani yangu. Mwaka 1996 miezi 8 ni kweli kabisa, tulikuwa tunawamezesha miezi miwili ya mwanzo mgonjwa anakuja kituoni kila siku, unasimama mbele yake mpaka ameze, na sindano ya streptomaisini, halafu miezi sita anaenda na vidonge vyake nyumbani. Utaratibu ule ulipikwa hapa hapa Tanzania na Dk. Karel Styblo, Shirika la Afya Duniani likaja kuuchukua likaueneza kila mahali. Siku hizi ni miezi 6.

Sasa ninachoshangaa mmeongea namba, mmeongea madirisha, mmeongea mpaka Nobel, hakuna aliyemuuliza huyu kijana kuhusu filamu za zamani. Wagonjwa wetu wa enzi zile hawatupi filamu. Mzee wa 1996 filamu yake iko chini ya godoro au nyuma ya kabati au juu ya dari. Mwanangu nenda nyumbani ukaangalie. Kama lile doa lilikuwepo miaka 20 iliyopita na ukubwa ule ule, saratani gani hiyo inayokaa miaka 20 bila kukua?

DaktariWaZamu:

Mama umenifunga mdomo. Ni kweli, hilo lilikuwa swali la kwanza na mimi nimelipita. Kinundu kigumu kisichobadilika kwa miaka 2 tu tayari tunakiacha, sembuse 20.

MtuWaEksirei:

Heshima kwako mama. Mleta mada fanya yote mawili, tafuta filamu, na kama hawaridhiki omba picha kavu, vipande vya milimita 1, dozi ndogo. Usiogope mionzi sana, eksirei ya kifua ni kama milisiveti 0.1 (ndo kipimo cha mionzi), CT ya kawaida ya kifua 5 mpaka 7, ya dozi ndogo inashuka mpaka kama 1.5 hivi. Na mwambie anayepiga asipime namba kwenye zile picha zilizonolewa kwa ajili ya mapafu, ule ukali unaongeza namba za kingo kiuongo, apime kwenye zile laini.

Kibwagizo:

Kwa hiyo ndimu hapana?

MtuWaEksirei:

Weka kwenye supu.

MzaliwaWaSame:

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimechukua wiki mbili.

Nilienda Same Ijumaa usiku. Filamu ya 1996 hatujaipata, mama anasema ilienda na mvua ya elnino paa lilipovuja. Ila chini ya godoro, kama Mama Nesi alivyosema neno kwa neno, tukakuta bahasha ya kaki ina filamu ya 2003, mzee alianguka na baiskeli akitoka sokoni wakampiga eksirei kuangalia mbavu. Mimi nilikuwa darasa la pili sikumbuki. Nikaishika kwenye dirisha palipo na jua, wallahi doa liko pale pale, juu kulia, chini kidogo ya mfupa wa mtulinga. Mzee akaniambia "hilo hata yule wa 2003 aliliona, akasema ni alama ya ule ugonjwa, sikuona haja ya kuwaambia." Nikamtazama tu sikujibu.

Nikapeleka filamu na sidii kwa yule wa Moshi. Akapima kwa rula kwenye filamu, akapima kwenye kompyuta, akasema halijakua. Bado akaona tupige ile kavu ya dozi ndogo, ili yule wa operesheni asipate sababu ya kuahirisha tena. Nilisimama nyuma yake anapoweka kialama, kinundu kilisoma 612, chote kimejaa, na akanionyesha tezi mbili za shina la pafu nazo zinawaka hivyo hivyo. Makohozi hawakuchukua kwa sababu hana hata ya kutema. Ripoti mpya nimemwambia mdogo wetu asiiguse.

Ngiri inafanywa Jumanne. Filamu mama ameirudisha chini ya godoro, na sidii zote mbili ameziweka juu yake, nikamwambia mama sidii zitavunjika akasema na hii haijavunjika tangu 2003.